Sola, Betri na Breka Iliyozoea Chanzo Kimoja

Ukifungua boksi la breka katika nyumba ya kawaida, iwe Tabata, Nyali au Fuoni, utakuta nyaya, breka zilizojipanga mstari mmoja, na dhana ambayo haikuandikwa popote: kwamba umeme unaingia kwa mlango mmoja. Unatoka kwenye nguzo, unapita kwenye mita, unafika meni swichi, kisha unagawanywa kwenda kwenye taa, soketi, jiko na hita ya maji. Fundi aliyechagua unene wa kila waya na ukubwa wa kila breka alipiga hesabu zake juu ya dhana hiyo. Miaka inapita, umeme unakatika mara nyingi kupita uvumilivu, na mwenye nyumba ananunua paneli, inverta na betri. Yeye anaona ameongeza kifaa. Saketi zake zimeongezewa vyanzo.

Tuanze na maneno, maana mazungumzo mengi kuhusu sola huharibikia hapo. Saketi ni njia kamili ya umeme: kutoka kwenye chanzo, kupitia waya hadi kwenye kifaa, na kurudi kwenye chanzo kilekile. Volteji ni msukumo wa umeme, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya, nao hupimwa kwa ampea. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni volti mara ampea. Birika la wati 2,300 kwenye volti 230 linavuta ampea 10. Hesabu hiyo inatosha kwa sehemu kubwa ya yanayofuata.

Breka, kwanza kabisa, ipo kwa ajili ya waya. Wengi hudhani inalinda televisheni au friji, lakini ukubwa wake huchaguliwa kwa kuangalia waya unaotoka kwake. Mkondo ukipita kwenye waya huzaa joto, na joto hilo halipandi sawia na mkondo: ampea zikiwa maradufu, joto linakuwa mara nne. Waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa kawaida wa soketi, ukiwa ndani ya bomba ukutani hubeba salama ampea ishirini na kitu, kutegemea umefungwaje. Ndiyo maana huwekewa breka ya ampea 20. Mkondo ukipita hapo kwa muda, breka inakata kabla ganda la plastiki la waya halijaanza kulainika.

Ndani ya breka mna viungo viwili. Cha kwanza ni kipande cha metali kinachopinda kikipata joto. Hiki ni cha polepole, kinashughulikia mzigo uliozidi kidogo kwa dakika nyingi. Cha pili ni koili yenye sumaku, nayo hukata papo hapo mkondo ukiruka ghafla, kama pale laivu, waya unaoleta umeme, inapogusana na nyutro, waya wa kurudi, yaani shoti. Herufi iliyochapwa mbele ya namba ya ampea ndiyo inayosema mruko huo uwe mkubwa kiasi gani: breka ya B hukata papo hapo kati ya mara 3 na mara 5 ya ampea zake, ya C kati ya mara 5 na mara 10. Breka iliyoandikwa C20, kwa hiyo, inahitaji kati ya ampea 100 na 200 ili ikate bila kusubiri.

Umeme wa gridi unaweza kutoa ampea hizo bila taabu. Tuseme njia nzima kutoka kwenye transfoma hadi sebuleni na kurudi ina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha mkondo, wa nusu omu. Ikitokea shoti, volti 230 zikigawanywa kwa 0.5 zinaleta ampea 460, na breka inakata kabla hujamaliza kupepesa jicho. Hapa sasa tunaziona dhana mbili ambazo breka inazitegemea. Ya kwanza: mkondo wote unaopita kwenye waya wangu umepitia kwangu. Ya pili: hitilafu ikitokea, chanzo kitakuwa na nguvu ya kutosha kunistua. Sola na betri huzigusa zote mbili, kila moja kwa namna yake, na karibu kila kosa la ufungaji linaweza kupangwa chini ya moja kati ya hizo.

Tuichukue ya kwanza. Fundi amefunga inverta ya kilowati 3 inayofanya kazi sambamba na gridi. Badala ya kuvuta waya mpya hadi kwenye boksi, ameiunga kwenye saketi ya soketi inayopita karibu na stoo, tena katikati ya saketi. Kilowati 3 kwa volti 230 ni ampea 13. Breka ya saketi hiyo ni ya 20. Mchana wa jua kali, soketi zilizo mbele ya kiungio, upande wa mbali na boksi, zina jiko la umeme, pasi na mashine ya kufulia. Zinaweza kuvuta ampea 20 kutoka gridi na 13 kutoka sola: jumla 33, kwenye waya wa ishirini na kitu. Breka haitastuka, kwa sababu kwake zimepita 20 tu. Ni kama mlinzi wa getini anayehesabu wanaopita mbele yake huku wengine wanaingia kwa mlango wa uani. Daftari lake ni sahihi na nyumba imejaa.

Mahali penye wasiwasi ni kile kipande cha waya kilicho mbele ya kiungio. Kinachopata moto kiko ukutani, nyuma ya plasta, na mwenye nyumba hana dalili yoyote zaidi ya harufu siku plastiki inapoanza kuungua. Ujerumani, ambako sheria inaruhusu watu kuchomeka paneli za kwenye baraza kwenye soketi ya kawaida, inverta hizo zimewekewa kikomo cha wati 800 tangu 2024. Hiyo ni ampea 3.5 hivi, nyongeza ndogo ambayo waya mzima unaweza kuivumilia. Kilowati 3 hazimo katika ukarimu huo. Inverta ya namna hiyo huvutiwa waya wake peke yake hadi kwenye boksi kuu, na breka yake, na hesabu ya baa ya shaba iliyo ndani ya boksi hupigwa upya, kwa sababu nayo sasa inalishwa pande mbili: baa iliyoandikwa ampea 63 ikilishwa 63 kutoka kwenye mita na 22 kutoka kwenye inverta ya kilowati 5, inaweza kuombwa kubeba 85.

Dhana hiyohiyo huvunjika kwenye betri mbili zilizounganishwa sambamba. Seli moja ikipata hitilafu ndani ya betri ya kwanza, ya pili inaisukumia mkondo kwa nyuma, na fyuzi moja iliyowekwa karibu na inverta haioni chochote, maana umeme huo haukufika kwake. Kila betri iwe na fyuzi yake.

Dhana ya pili ndiyo yenye mambo mengi, kwa sababu vyanzo hivi vipya vina tabia zinazopingana.

Paneli ni chanzo kisichojua kukasirika. Paneli ya wati 550 ikiwa kazini inatoa karibu ampea 13. Igusanishe chanya na hasi, yaani uipige shoti kabisa, na itatoa karibu 14. Tofauti ya ampea moja haiwezi kuyeyusha fyuzi wala kustua breka. Ndiyo maana kwenye mstari mmoja wa paneli zilizoungwa mfululizo, fyuzi haiwezi kufanya kazi ambayo watu wanadhani inaifanya. Inaanza kuwa na maana mistari inapokuwa mitatu au zaidi sambamba, kwa sababu hapo mistari mizima inaweza kusukuma mkondo kwa pamoja kuingia kwenye mmoja wenye hitilafu. Kwa nyumba nyingi zenye mstari mmoja au miwili, kinachohitajika juu ya paa ni swichi ya kutenganisha na viungio vizuri.

Betri ni kinyume chake. Betri ya lithiamu ya kawaida ya majumbani ina volti 51.2 na ampea-saa 100, yaani kilowati-saa 5.12. Volti hamsini huonekana ndogo. Ukizigusa kwa mkono mkavu huenda usihisi kitu. Lakini ukinzani wote wa ndani ya betri na nyaya zake unaweza kuwa 0.02 ya omu. Gawanya 51.2 kwa 0.02 na unapata ampea 2,560. Spana ikidondoka juu ya vichwa vya betri, chuma chake kinaweza kujichomelea hapohapo, na mwenye pete kidoleni ana shida kubwa zaidi. Ndani ya betri mna saketi ya kielektroniki ya kuisimamia, ambayo mafundi huiita BMS, nayo hukata hali mbaya ikitokea. Ni ulinzi mzuri, lakini swichi zake ni za kielektroniki, na swichi za aina hiyo zikiharibika mara nyingi huharibika zikiwa zimefunga njia, si zikiwa zimeikata. Fyuzi ya metali inayoyeyuka haina tabia hiyo.

Fyuzi hiyo ina masharti mawili. Iwekwe karibu na kichwa cha chanya cha betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu inalinda waya ulio mbele yake. Mita mbili za waya kati ya betri na fyuzi ni mita mbili zisizo na mlinzi yeyote. La pili ni uwezo wa kukata, yaani mkondo mkubwa kabisa ambao kifaa kinaweza kuuzima bila chenyewe kupasuka. Kwenye breka ya kawaida ya gridi utaona kimstatili chenye namba 6000. Ni uwezo wa ampea 6,000, lakini za mkondo wa gridi. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu betri.

Kabla ya kuiacha betri, tutazame kiungio chake kwa karibu. Inverta ya kilowati 5 ikiwa na mzigo kamili huvuta kutoka kwenye betri karibu ampea 110. Ncha ya waya wake inatakiwa kubanwa kwenye kichwa cha shaba kwa koleo maalumu la kubania. Koleo hilo ni ghali, kwa hiyo utaona vichwa vilivyopondwa kwa nyundo. Ukinzani wa kichwa kilichopondwa ukifika 0.002 ya omu tu, kwa ampea 100 kinazaa wati 20 za joto, zote zimekusanyika mahali padogo kuliko kiberiti, saa baada ya saa. Breka zote ziko sawa, fyuzi ziko sawa, hakuna ampea iliyozidi. Hakuna kifaa cha ulinzi kinachoona kiungio kilicholegea. Mkono wa fundi na kipimajoto ndivyo vinavyokiona.

Sasa inverta yenyewe. Inverta ya kilowati 5 hutoa ampea 22 mfululizo, na kwa sekunde chache, kuwasha pampu au kompresa ya friji, hutoa kama mara mbili yake: ampea 43. Rudi kwenye ile breka ya C20 inayohitaji angalau 100 ili ikate papo hapo. Umeme wa gridi ukiwa umekatika na nyumba inaendeshwa na betri, shoti ikitokea kwenye soketi ya jikoni, breka ya jikoni haitapata ampea inazozisubiri. Kitakachotokea ni inverta kujiona imezidiwa na kujizima. Nyumba nzima inaingia giza. Nyingi hujaribu tena baada ya sekunde kadhaa, zinakutana na shoti ileile, zinajizima tena. Breka zote zimesimama juu, hakuna iliyoanguka kuonyesha tatizo liko wapi, na mwenye nyumba anahitimisha kwamba inverta ni mbovu.

Tiba ni kuchagua upya breka za saketi zitakazolishwa na inverta: za B badala ya C, na ndogo zaidi, 6 kwa taa na 10 au 16 kwa soketi. Hata B6 inataka ampea 30 kwa uhakika, ambazo inverta hiyo inaweza kuzitoa. B16 inataka hadi 80, ambazo haiwezi. Kwa hiyo breka peke yake haimalizi kazi, na inabidi kuegemea kifaa kingine kisichotegemea ampea nyingi. Tutakifikia.

Kabla ya hapo, tofauti ya mkondo. Umeme wa gridi ni mkondo geu, AC: hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, hivyo mara 100 kila sekunde unapita kwenye sifuri. Wa paneli na betri ni mkondo mnyoofu, DC, ambao haupiti kwenye sifuri hata mara moja. Tofauti hii huonekana swichi inapofunguliwa. Ncha mbili za shaba zikiachana, umeme huruka pengo kwa cheche ndefu inayoitwa tao la umeme, lenye joto la kuyeyusha shaba. Tao la AC linajifia lenyewe mkondo unapofika sifuri. La DC halina sababu ya kufa. Litaendelea kuwaka hadi pengo liwe pana mno au kitu kiungue.

Breka ya AC hutegemea ile sifuri. Ukiiweka kwenye mstari wa paneli wenye volti 490, inaweza kufanya kazi vizuri miaka miwili, kwa sababu hakuna aliyewahi kuikata ikiwa na mzigo. Siku ya kuikata ndiyo itawaka. Breka za DC zina sumaku ya kulisukuma tao kwenye vyumba vya kulizimia, na baadhi zimewekewa alama za chanya na hasi. Zikifungwa kinyume, sumaku hulisukuma tao upande usiofaa, na kifaa halali kinageuka hatari. Viungio vya paneli navyo vikiwa vya watengenezaji wawili tofauti huingia na kutoa mlio wa kukubali, lakini shaba zao za ndani hazishikani sawasawa, na hapo tao huanza polepole juu ya paa.

Hizo volti 490 ni paneli kumi zenye volti 49 kila moja. Inverta nyingi za ukubwa huu zina kikomo cha volti 500 upande wa paneli. Paneli huongeza volteji kukiwa na baridi, kwa kadiri ya asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja chini ya nyuzi 25. Dar es Salaam, alfajiri ya nyuzi 20, paneli hizo zinafika 497: zimepona. Njombe, asubuhi ya Julai yenye nyuzi 5, zinafika 516. Mchoro uleule, vifaa vilevile, na inverta imeungua jua linapochomoza. Breka haizuii volteji. Hapa mlinzi pekee ni kalamu ya fundi kabla ya kununua.

Sasa ule ulinzi usiotegemea ampea nyingi. Nyutro ya gridi imeunganishwa na ardhi kwenye transfoma, na nyumba nyingi zina fimbo yake ya ethi, yaani ya chuma iliyozamishwa ardhini. Laivu ikigusa bodi ya friji, mkondo hupita kwenye waya wa ethi, ukaingia ardhini na kurudi hadi transfoma. Lakini udongo ni kondakta duni. Njia hiyo ikiwa na omu 50, volti 230 zinaleta ampea 4.6, ambazo kwa breka ya 20 ni mzigo wa kawaida kabisa, na kwa mtu aliyeshika friji ni kifo. Ndipo inapoingia RCD, kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ukipungua kwa miliampea 30, maana yake kuna unaovuja, nacho hukata ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde.

Inverta ikijitenga na gridi, hukata laivu na nyutro pamoja. Nyutro yake sasa haijashikwa na ardhi popote. Laivu ikigusa bodi ya friji, mkondo hauna njia ya kurudi, RCD haioni pungufu, haikati. Kwa hitilafu hiyo ya kwanza mtu huenda asipigwe shoti, na hilo ndilo linalodanganya: kasoro inabaki humo bila kujulikana, hadi ije ya pili kwenye waya mwingine, na hapo bodi za vifaa viwili zinaweza kuwa na hadi volti 230 kati yao. Kwa sababu hiyo inverta bora huwa na rilei ndani inayounganisha nyutro na ethi pale tu inapokuwa imejitenga na gridi, na kuviachanisha gridi inaporudi. Katika modeli nyingi ni mpangilio wa kuchagua kwenye menyu, na huja ukiwa umezimwa. Fundi anayeunganisha nyutro na ethi kwa waya wa kudumu anatatua nusu ya tatizo na kuzaa lingine, kwa sababu gridi ikirudi mkondo wa nyutro utaanza kutumia fimbo ya ethi kama barabara yake.

Wenye nyumba waliosoma maelekezo hubonyeza kitufe cha majaribio kwenye RCD, kifaa kinaanguka, wanaridhika. Kitufe hicho huchepusha mkondo mdogo kati ya laivu na nyutro ndani ya kifaa chenyewe; hakigusi waya wa ethi hata kidogo. Kinathibitisha kwamba kifaa ni kizima. Hakithibitishi kwamba nyumba ina njia ya ethi.

RCD ina adui mwingine, wa kawaida mno katika nyumba zetu. Fundi anahamisha laivu za taa na za soketi za sebuleni kwenda kwenye boksi jipya la inverta, lakini nyutro zake anaziacha kwenye baa ya zamani, kwa kuwa zimefungwa fungu moja na hazina alama. Pasipo RCD, gridi ikiwepo, kila kitu kinawaka. RCD mpya inakata mara tu taa zinapowashwa, kwa sababu mkondo unakwenda kupitia kwake na kurudi kwa njia nyingine: inasema kweli. Tiba inayotolewa mara nyingi ni kuing'oa RCD. Tiba ya kweli ni saa mbili za kutafuta kila nyutro na kuihamisha pamoja na laivu yake. Ikiachwa, siku fundi mwingine atakapozima meni swichi na kufungua ile baa ya zamani akiamini imekufa, atakutana na mkondo wa inverta unaorudi kupitia hapo.

Limebaki suala la kubadili chanzo. Transfoma ya mtaani hushusha volti 11,000 au 33,000 hadi 400 na 230, na inafanya hivyo pande zote mbili: uipe 230 chini, itatoa maelfu juu. Wapo wanaosema inverta ndogo haiwezi kumdhuru fundi wa laini, kwani itakutana na mizigo ya majirani na kujizima mara moja. Mara nyingi ni kweli. Si kweli pale waya ulipokatika kati ya nyumba yako na nguzo, au fyuzi ya nguzoni ilipotolewa, kwa sababu hapo hakuna jirani wa kuizidi. Kuna waya mmoja wenye volti 230 na mtu anayeamini umekufa. Inverta za kufanya kazi na gridi hujizima gridi inapopotea kwa ajili hiyo. Zile zisizo na uwezo huo zinahitaji chenjiova inayokata laivu na nyutro na ambayo kwa umbo lake haiwezi kusimama pande mbili kwa wakati mmoja. Kamba yenye plagi za kiume ncha zote mbili, ya kuchomeka inverta au jenereta kwenye soketi ya ukutani, haina nafasi yoyote katika mjadala huu. Isitoshe, baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaorudi kwenye gridi kama uliotumika, kwa hiyo unaweza kulipia uniti za jua lako mwenyewe.

Tukishafuata yote hayo, uamuzi si mgumu. Kwa nyumba ya kawaida ya fezi moja, kuulisha mzigo wote kwa inverta kupitia boksi la zamani ni kosa, hata pale inverta inapokuwa na uwezo. Boksi la pili la mizigo ya lazima, yaani taa, friji, intaneti na soketi chache, lenye breka za B, RCD yake na nyutro zake, linaondoa matatizo karibu yote yaliyoelezwa hapa, na kuacha jiko na hita kwa gridi peke yake. Inverta ndogo zaidi inatosha, na betri inadumu usiku.

Bei nayo ina la kusema. Karatasi ya makisio huandika paneli, inverta na betri kila kimoja kwa mstari wake na modeli yake, kisha chini kabisa kuna mstari mmoja: vifaa vya kufungia. Fyuzi ya betri, breka za DC, RCD, fimbo ya ethi na waya wa unene sahihi vyote vimo humo, na humo ndimo bei hupunguziwa mteja akilalamika. Mwenye nyumba aombe mstari huo ufunguliwe, kila kifaa kwa jina na namba yake. Kama fedha hazitoshi, zipungue paneli mbili; paneli huongezwa mwakani bila kubomoa chochote.

Mfungaji awe na leseni, ya EWURA kwa Tanzania Bara au ya EPRA kwa Kenya, na kabla ya kulipwa salio afanye jaribio moja mbele ya mwenye nyumba: azime umeme wa gridi, aiache inverta iendeshe nyumba kwa betri, kisha apime kwa kipimo cha RCD kati ya laivu na ethi kwenye soketi ya mbali kabisa, aone kama inakata na kwa muda gani. Matokeo yaandikwe na kubandikwa ndani ya boksi. Fundi asiye na kipimo hicho aazime, au aje na mwenye nacho.